Kuufuatilia mto mwaka hadi mwaka: mwongozo wa kupima maji na kuandika mabadiliko yake

Ukichota maji ya mto leo, ukayapima na kupata pH 7.4, umejua nini? Kidogo sana. Umejua kwamba saa ile, mahali pale, maji yalikuwa hivyo. Hujui kama ndiyo kawaida ya mto huo au ni dalili ya jambo. Mto hujulikana kwa kulinganishwa na wenyewe: mahali pale pale, saa ile ile, kwa njia ile ile, tena na tena. Kwa hiyo, ingawa vifaa nitavitaja, namwamini zaidi mtu mwenye kipimajoto, wavu, kamba na daftari lililotunzwa miaka mitano kuliko aliyekwenda mtoni mara mbili na kifaa cha kisasa.

Kabla ya yote, usalama. Usiende mtoni peke yako. Maji yakikupita magoti na yanakwenda kasi, usiingie. Chota kwa ndoo yenye kamba kutoka darajani au ukingoni. Vaa buti na glavu, maana maji hayo unayoyashuku uchafu ndiyo hayo yanayoweza kukupa kichocho au homa ya mkojo wa panya. Penye mamba au viboko, hakuna kipimo kinachostahili kuhatarisha mguu wa mtu.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwanza

"Mto wetu una hali gani?" si swali la kupimika. Jaribu haya: Je, bomba linalomwaga maji chini ya daraja linapunguza oksijeni? Je, tope limeongezeka tangu miti ya ukingoni ikatwe? Je, mto unapungua kila kiangazi kuliko kiangazi kilichotangulia? La kwanza linataka kipima oksijeni na vituo viwili vitatu vilivyo karibu. La pili linataka kupima uangavu wa maji siku za mvua. La tatu linahitaji rula ya kupima kina, takwimu za mvua na subira ya miaka.

Kama hujui uanzie wapi, anza na makundi matano yanayotumika katika kiashiria 6.3.2 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa: oksijeni, chumvichumvi, nitrojeni, fosforasi na hali ya asidi. Kwa kiashiria hicho, maji huhesabiwa kuwa mazuri ikiwa angalau asilimia 80 ya vipimo vimefikia malengo yaliyowekwa. Zingatia: asilimia 80 ya vipimo vingi, wala si kipimo kimoja kilichofanyika siku njema.

Hatua ya 2: Chagua vituo

Vituo vitatu vinatosha kuanzia: kimoja juu ya mahali unaposhuku, kimoja chini yake, na cha tatu mbali zaidi chini, uone kama mto unajisafisha. Kituo cha juu ndicho shahidi wako mkuu. Bila hicho, mtu yeyote atakuambia maji yalikuja machafu tangu huko yatokako, na hutakuwa na la kumjibu.

Hapa wengi hukosea jambo moja. Majitaka yakiingia mtoni hayachanganyiki papo hapo. Huambaa na ukingo mmoja kwa umbali mrefu. Ukichota ukingo wa pili utaona maji safi, ukichota huku utaona balaa, na yote mawili si picha ya mto. Pima uwezo wa maji kupitisha umeme kushoto, katikati na kulia. Namba tatu zikikaribiana, maji yamekwisha changanyika na hapo pafaa kituo. Zikipishana, shuka zaidi.

Vituo vyako vifanane kadiri inavyowezekana: penye mawe kwa penye mawe, penye mchanga kwa penye mchanga. Viwe pia mahali panapofikika wakati wa masika, la sivyo daftari litakuwa na mapengo katika miezi ile ile yenye habari nyingi. Andika viwianishi vya kituo (namba zinazoonyesha mahali kilipo) kwa GPS, piga picha, kisha eleza kwa maneno. Usitegemee mti peke yake kuwa alama, miti hung'oka.

Na kama kuna mradi unakuja, iwe bwawa, shamba kubwa, machimbo au barabara, anza kupima kabla haujaanza. Vipimo vya "kabla" havipatikani tena kazi ikishaanza.

Hatua ya 3: Panga siku, na zaidi ya siku, saa

Mara moja kwa mwezi ni kiwango cha chini kinachofaa. Lakini saa ndiyo inayowapotosha watu, hasa kwenye oksijeni.

Mchana mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku jua halipo, lakini kila kilicho hai majini kinaendelea kuvuta: samaki, wadudu, bakteria, na mimea yenyewe. Hivyo oksijeni hufika juu kabisa alasiri na chini kabisa kabla ya kupambazuka. Mto uliojaa mwani kwa sababu ya mbolea unaweza kuonyesha oksijeni zaidi ya asilimia 100 ya kiasi ambacho maji hayo hubeba kwa kawaida saa tisa alasiri, na mtu akaandika "mto mzima wa afya", ilhali saa kumi na moja alfajiri samaki wanapanda juu kutweta. Anayepima mchana tu hatawaona kamwe. Ukiweza, mara moja kwa msimu amka upime alfajiri, kisha urudi alasiri siku hiyo hiyo. Pengo kati ya namba hizo mbili litakueleza habari ya mbolea mtoni kuliko safari kumi za mchana.

Na kwenye daftari andika saa kwa mtindo wa saa 24: 05:30, 15:00. "Saa 3" ya kwetu na "3" ya kwenye simu si kitu kimoja, na mwaka ukipita hakuna atakayekumbuka ulimaanisha ipi.

Ongeza safari za mvua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi husomba kila kilichojilimbikiza: mavumbi, mafuta ya barabarani, samadi, dawa za mashambani. Maji yanapopanda huwa machafu kuliko yanaposhuka, hata kina kikiwa sawa, basi andika kama mto ulikuwa unapanda au unashuka. Ratiba ya mwezi pia haiwezi kukamata tukio la ghafla. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia moto yakabeba sumu hadi mto Rhine, na mikunga wakafa kwenye mamia ya kilomita za mto. Tukio kama hilo huonekana na mtu aliyepo mtoni au kifaa kinachopima mfululizo. Kwa hiyo wavuvi, wachota maji na watoto wanaoogelea wawe na namba yako ya simu.

Hatua ya 4: Chota maji ipasavyo

Sampuli mbaya haiponywi na maabara nzuri. Anza na kituo cha chini kabisa ukipanda juu, ili tope ulilotibua lisikufuate. Kituoni, ingia ukitokea upande wa chini, simama ukiangalia maji yanakotoka, na unyooshe mkono mbele yako penye mkondo, mbali na maji yaliyotuama.

Suuza chupa na kifuniko mara tatu kwa maji ya mto, ukimwaga nyuma yako. Kisha izamishe mdomo ukiwa chini hadi sentimita 20 au 30, igeuze mdomo uelekee mkondo, ijae, itoe. Utando wa juu wa maji una vumbi na mafuta yake. Sakafu ina tope lake. Unataka yaliyo katikati. Chupa ya bakteria ni tofauti: imetakaswa, haisuuzwi, na ndani ya kifuniko chake hapaguswi hata kwa kidole. Chupa yenye dawa ya kuhifadhi nayo haisuuzwi. Chupa za kupimia fosfati zisioshwe kwa sabuni ya kawaida, maana baadhi ya sabuni zina fosfati yenyewe, na utakuwa umepima sabuni.

Andika chupa kwa kalamu isiyofutika kabla ya kuilowesha. Kituo, tarehe, saa, jina la mchotaji.

Hatua ya 5: Pima pale pale mtoni

Kuna vitu visivyosubiri gari. Joto, oksijeni na pH hubadilika ndani ya chupa, kwa hiyo pima hapo hapo.

Joto likitangulia, mengine hueleweka. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi usawa wa bahari hubeba karibu miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba karibu 7.6 tu. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua likapiga maji moja kwa moja, mto hupoteza oksijeni bila hata tone la majitaka kuingia. Milimani nako kiasi hushuka. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji hubeba pungufu kwa karibu moja ya tano. Ndiyo sababu andika miligramu kwa lita na asilimia, vyote viwili. Chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi hutaabika. Chini ya 2 ni wachache wanaostahimili.

pH ya mito mingi huwa kati ya 6.5 na 8.5. Kumbuka kipimo hiki hakiendi sawasawa: maji ya pH 5 yana asidi mara mia ya maji ya pH 7. Mteremko unaoonekana mdogo kwenye karatasi unaweza kuwa mkubwa kwa samaki.

Uwezo wa kupitisha umeme, unaopimwa kwa maikrosimensi kwa sentimita, ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa anayeanza. Kifaa chake ni rahisi na kigumu kuharibika. Hakikuambii ni chumvi gani imeingia, lakini kinakuambia mara moja kwamba kuna kitu kimeingia. Mto uliozoea 120 ukisoma 340 asubuhi moja isiyo na mvua, panda na kifaa mkononi, ukipima kila mita hamsini, hadi namba irudi chini. Chanzo kiko katikati ya nukta mbili za mwisho.

Uangavu wa maji hupimwa kwa bomba refu linaloonyesha ndani, lenye alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako. Jaza maji, chungulia kutoka juu kivulini, yatoe kidogo kidogo mpaka alama ionekane, kisha soma sentimita zilizobaki. Kile kisahani cha Secchi, kinachoshushwa majini kwa kamba hadi kisionekane na kinachotumika tangu 1865, ni cha ziwani; mtoni mkondo huondoka nacho.

Vifaa visawazishwe asubuhi ya kila safari: pH kwa vimiminiko vya 4, 7 na 10, umeme kwa kimiminiko cha maikrosimensi 1,413. Andika vilisoma nini kabla ya kuvirekebisha. Ncha ya kipima pH isihifadhiwe ndani ya maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke), itakufa mapema. Ina kimiminiko chake.

Hatua ya 6: Yale ya maabara

Sampuli za bakteria ziwe kwenye barafu, gizani, na zifike maabara ndani ya saa 6. Bakteria aina ya E. koli hutoka kwenye matumbo ya watu na wanyama, hivyo uwepo wao ni dalili ya kinyesi. Kwa maji ya kunywa Shirika la Afya Duniani linataka wasiwepo kabisa katika mililita 100. Mto karibu wote hushindwa hapo, kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba maji ya mto ni salama kunywa kwa sababu vipimo vyako vilikuwa vizuri. Hukupima viuatilifu. Hukupima zebaki.

Kwenye nitrati kuna mtego uliowahi kutupotezea karibu mwaka mzima wa takwimu. Maabara moja ilituandikia nitrati kama nitrati; tulipohamia nyingine, ikaandika nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati. Karatasi zote mbili zilisema "nitrati, mg/L". Namba zikashuka kwa zaidi ya mara nne, nasi tukafurahi. Mto haukuwa umebadilika hata kidogo. Kizidisho ni 4.43: miligramu 1 ya nitrojeni ni miligramu 4.43 za nitrati. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 kwa lita ni cha nitrati yenyewe, sawa na takriban 11.3 kwa nitrojeni. Uliza kabla ya kulipokea jibu, na uandike kipimo kamili kwenye kila safu ya jedwali.

Hatua ya 7: Geuza mawe

Hii ndiyo hatua ninayowaomba watu wasiiache. Kipimo cha kemikali ni cha dakika moja. Mdudu wa majini ameishi humo wiki au miezi. Alikuwepo usiku ule bomba lilipofunguliwa nawe umelala.

Shika wavu wenye matundu ya milimita 1 au chini ya hapo upande wa chini wa mkondo, tibua mawe mbele yake kwa mguu kwa dakika kama tano, pitia pia majani ya ukingoni na mchanga. Mwaga kwenye sinia jeupe lenye maji. Mwanzoni utaona tope na vijiti. Tulia. Baada ya nusu dakika kimoja kati ya vijiti kitaanza kutembea: ni mdudu aliyejijengea kifuko cha punje za mchanga. Kingine kimelala bapa juu ya jiwe, kina mikia mitatu, na pembeni mwa tumbo matamvua membamba yanapepea. Hayo ni mashavu yake ya kupumulia. Ukimpata mwenye mikia miwili, kucha mbili kila mguu, asiye na matamvua tumboni, furahi, maana huyo hahimili maji yenye oksijeni haba. Ukikuta vijinyoo vyekundu, minyoo na ruba peke yao, mto unaumwa. Wekundu ule ni hemoglobini, inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo.

Njia ya miniSASS, iliyobuniwa Afrika Kusini, inawagawa viumbe hao katika makundi 13, kila kundi na alama zake: wale wa mikia miwili 17, ruba na minyoo 2. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona na kugawa kwa idadi ya makundi. Ukipata minyoo (2), nzi wa majini (2), konokono (4) na kerengende (6), jumla ni 14, wastani 3.5, hali mbaya sana. Ina jedwali moja la mito ya mawe na jingine la mito ya mchanga, usiyachanganye. Mafuriko husomba wadudu, subiri wiki kadhaa yapite. Ukimaliza, warudishe majini.

Hatua ya 8: Pima wingi wa maji

Tafuta mahali mto umenyooka, pima mita 10 za ukingo. Tupa chungwa juu yake na uhesabu sekunde; chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi. Rudia mara tatu au zaidi. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, basi zidisha kasi kwa 0.85. Mto wenye upana wa mita 6, wastani wa kina mita 0.4, chungwa likitumia sekunde 20: 6 × 0.4 × 0.5 × 0.85, yaani mita za ujazo 1.02 kwa sekunde.

Kwa nini usumbuke? Chukua nitrati miligramu 3 kwa lita kwenye mto huo: ni takriban kilo 264 kwa siku. Kiangazi mto umeshuka hadi mita za ujazo 0.2, nitrati imepanda hadi 9. Kwa macho, uchafuzi umeongezeka mara tatu. Kwa hesabu, ni kilo 156 kwa siku. Aliyechafua hakuzidisha, maji ya kuzimua ndiyo yaliyopungua. Samaki wanaumia vilevile, lakini mazungumzo ya kufanya ni mengine, pengine na wenye pampu huko juu.

Hatua ya 9: Ukingo, na jicho la juu

Piga picha nne kila msimu kutoka kigingi kimoja: juu, chini, ukingo huu na ule. Chomeka nondo kwenye ukingo kwa ulalo, acha sentimita 5 nje; kadiri udongo unavyoliwa, urefu ulio nje huongezeka nawe unapima kwa rula. Andika upana wa ukanda wa miti.

Picha za setilaiti ni za bure: Landsat tangu 1972, Sentinel-2 tangu 2015 kwa undani wa mita 10. Mto mwembamba hautauona vizuri, ila utaona msitu ulioufunika ukiondoka. Linganisha mwezi uleule wa miaka tofauti, Machi kwa Machi, na weka takwimu za mvua pembeni, usije ukamlaumu mkulima kwa ukame.

Hatua ya 10: Hakiki, soma, peleka

Katika kila sampuli kumi, moja ichotwe mara mbili. Zikipishana sana, tatizo ni lenu kabla halijawa la mto. Mara kwa mara peleka maabara chupa ya maji yaliyokenekwa bila kuwaambia, uone kama wataripoti kitu ambacho hakimo. Usifute namba ya ajabu. Weka alama na sababu ya shaka.

Mwaka wa kwanza ni wa kujua kawaida. Chora namba kwenye grafu, kila kituo rangi yake, na usiseme neno "mwelekeo" kabla ya kuona misimu kadhaa.

Ukikuta dharura, samaki wamekufa au maji yamebadilika rangi, piga picha zenye saa, pima oksijeni, pH na umeme papo hapo, kisha chota chupa mbili kila kituo, cha juu na cha chini. Ijulishe mamlaka ya maji siku hiyo hiyo, ukiwapa namba ghafi na jinsi ulivyopima, pasipo kumtaja mkosaji. Chupa moja waipe maabara yao. Ya pili ibaki kwenye barafu, imefungwa na kuandikwa, na kila anayeishika atie sahihi na saa.